"Sixteen kilometres north of Kigoma": vielezi na vihusishi vinavyofuata kirai nomino kwenye Kiingereza. Walimu na wanafunzi wa Kigoma na Tabora, karibuni

Mwalimu_Ujiji (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Kiingereza sekondari huku Kigoma. Kuna sehemu moja ya lugha hii ambayo vitabu tunavyotumia huipita mbio, na ndiyo inayowakwamisha vijana kila wanapotakiwa kueleza mahali kitu kilipo au wakati jambo lilipotokea. Nazungumzia pale kielezi na kihusishi vinapoongozana baada ya kirai nomino, yaani fungu la maneno ambalo kiini chake ni nomino.

Chukua mfano wa nyumbani. Mwambie mwanafunzi wa kidato cha pili aandike kwamba Gombe iko kaskazini mwa mji wa Kigoma, umbali wa kilomita 16. Wengi wataandika "Gombe is in the north of Kigoma for sixteen kilometres." Maneno yote ni ya Kiingereza, lakini msomaji ataelewa kwamba Gombe imo ndani ya Kigoma, kwenye sehemu yake ya kaskazini, halafu hizo kilomita zinabaki zikining'inia mwishoni bila kazi. Mwenye lugha yake anasema "Gombe is sixteen kilometres north of Kigoma."

Angalieni mpangilio. Kinatangulia kipimo: "sixteen kilometres". Kinafuata kielezi cha upande: "north". Mwisho kihusishi na alama tunayohesabia: "of Kigoma". Kiswahili chetu kinaanza na upande, kinataja alama, ndipo kinafikia kipimo. Kijana anayekosea hapo anafuata mpangilio aliokua nao tangu utotoni, wala hana uvivu. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha kwamba Kiingereza kimeugeuza.

Mpangilio huo hauko kwenye dira peke yake. "Two hundred metres down from the station." "Three hours away from Tabora." "A few metres back from the water." "Two places ahead of me" kwenye foleni. Kote huko kipimo kinatangulia, upande unafuata, alama inafunga.

Njia ninayoipenda ya kumthibitishia mwanafunzi ni swali la "how far". Toa kipimo, weka "how far" mahali pake, vilivyobaki usiviguse: "How far north of Kigoma is Gombe?" "How far down from the station is the shop?" Swali likikaa vizuri, basi kile kirai nomino cha mwanzo ni kipimo cha kielezi kinachokifuata. Hakining'inii.

Na hapa nataja kosa linaloniuma kuliko yote, maana nalisikia hadi kwa watu waliomaliza vyuo: "The school is five kilometres far from here." Neno "far" halikubali kipimo mbele yake. Linakubali "very far", "too far", "how far", basi. Ukishakuwa na kilomita mkononi, tumia "away from", au "from" peke yake: "five kilometres away from here", "five kilometres from here". Kinachowachanganya ni kwamba "deep", "long", "high" na "old" vinakubali kipimo. Ziwa letu, Tanganyika, ni "1,470 metres deep", hakuna ubaya wowote. "Far" na "near" haviko kwenye kundi hilo.

Hoja yangu ni hii: tuache kumpa mtoto vihusishi kimoja kimoja akavikariri. Tumpe kirai kizima kikiwa na mpangilio wake, kuanzia kipimo hadi alama. Karibuni tujadili.

Mwalo_Kibirizi

Mwalimu, shikamoo. Mimi nina boti hapa mwaloni Kibirizi, napeleka wageni Gombe. Kiingereza nimekiokota kwao, shule sikufika mbali. Hili la "how far" nimelifurahia kwa sababu kila siku nasikia "How far out are we?" na sikuwa najua kwamba hiyo "out" inasimama mahali pa "kutoka ufukweni kuelekea katikati".

Swali langu. Mgeni mmoja atasema "a kilometre out from the beach", mwingine "a kilometre off the beach". Zote naelewa ni kilomita moja toka nchi kavu. Kwa nini ya kwanza ina "from" na ya pili haina?

Mwalimu_Ujiji

Marahaba kaka. Umegusa penyewe, na nitalijibu kwa urefu.

Anza na Kiswahili. Tunasema "yuko ndani", tunaishia hapo. Tukitaka kutaja ndani ya nini, tunaongeza kiunganishi: "yuko ndani ya boti". Hivyo hivyo "nyuma" na "nyuma ya duka", "mbali" na "mbali na mwalo", "karibu" na "karibu na stesheni". Kwetu karibu kila neno la mahali linahitaji "ya" au "na" kabla ya kushika nomino.

Kiingereza kimegawanyika. Kuna maneno yanayoshika nomino yenyewe bila msaada: "inside the boat", "behind the shop", "off the beach", "below the hill", "along the shore", "outside the town". Na kuna yasiyoweza mpaka yapewe msaidizi, na msaidizi huyo ndiye kihusishi tunachokizungumzia: "out of", "ahead of", "north of", "away from", "back from", "close to", "next to". Kwa hiyo "off" inashika "the beach" moja kwa moja, ila "out" kwa maana hiyo unayoisema inahitaji "from".

Ndiyo maana vijana wetu wanaandika "behind of the shop" na "under of the table". Ile "of" imetoka kwenye "ya" ya "nyuma ya" na "chini ya". Wanatafsiri kiunganishi ambacho Kiingereza hakikihitaji pale. Ukimweleza mtoto kwamba yapo makundi mawili, na ukampa maneno yakiwa tayari na wasaidizi wao, "ahead of" kama kitu kimoja, "behind" kama kitu kimoja, kosa linapungua sana.

Na kwa upande wa maana, "out" ya wageni wako huanzia nchi kavu. Boti ikienda kuvua dagaa usiku iko "out on the lake". Ikirudi asubuhi imekuja "in". Taa zinazoonekana kwa mbali ni za wavuvi walio "a long way out".

Mnyanyembe

Nachangia kutoka Tabora. Mwalimu ameshika mahali zaidi, naomba niongeze wakati, kwa sababu kanuni ni ile ile na mitihani inalipenda eneo hili.

Reli ya kati ilifika Tabora 1912 ikafika Kigoma 1914. Kwa Kiingereza: "The railway reached Tabora two years before it reached Kigoma." Kipimo ni "two years", upande ni "before", na alama hapa imekuwa sentensi nzima, "it reached Kigoma". Unaweza pia kusema "two years ahead of Kigoma". Kama alama imeshatajwa, unaiacha: "It reached Tabora in 1912 and Kigoma two years later." Hiyo "later" inasimama peke yake kwa sababu msomaji tayari anajua tunahesabu kuanzia 1912.

Meli ya Liemba nayo inafundisha vizuri. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. "It was raised eight years later." "It went back into service eleven years after it was scuttled." Mwanafunzi akiandika "after eleven years it was scuttled", amegeuza historia nzima: meli imefanya kazi miaka kumi na moja ndipo ikazamishwa. Maneno ni yale yale, kipimo kimehama tu kutoka kabla ya "after" kwenda baada yake. Mimi humwandikia sentensi zote mbili ubaoni, nikamwuliza meli ilizama lini.

Sasa "ago". Neno hili linataka kipimo mbele yake na haliruhusu alama yoyote nyuma yake, kwa sababu alama yake ni moja daima: sasa hivi unapozungumza. "Two years ago" basi. Huwezi kusema "two years ago the war" ukimaanisha miaka miwili kabla ya vita. Hapo inahitajika "before". Kwenda mbele unatumia "from": "two weeks from now", "two weeks from today".

Mfasiri_TBR

Uzi mzuri. Mimi ni mfasiri, na ningependa tutenganishe mambo mawili ambayo naona yanaanza kuchanganyika. Mpaka sasa mnazungumzia kirai nomino ambacho ni kipimo. Kuna kingine, ambacho nomino ndiyo bwana na hivyo vielezi na vihusishi vinakuja kumweleza.

"The road down to the lake is bad." Hapa "down to the lake" inaeleza ni barabara ipi. Ni kama tunavyosema "barabara ya kushukia ziwani". Kuna "the journey back to Tabora", "the houses up on the hill", "the man over by the door". Hakuna kitenzi kinachohitajika katikati. Wanafunzi wengi wanalazimisha "which": "the road which goes down to the lake". Si kosa, ila ukurasa mzima wa "which" unachosha, na Kiingereza kimetupa njia fupi.

Jaribio langu la kutofautisha: badilisha na "it". "The road down to the lake is bad" inakuwa "It is bad". Kifungu chote kimemezwa na "it", kwa hiyo vyote ni kirai kimoja. Lakini "She carried the basket down to the lake" inakuwa "She carried it down to the lake". Kikapu tu ndicho kimemezwa. "Down to the lake" kumbe ilikuwa ya kitenzi, inasema kikapu kilipelekwa wapi.

Mwalimu_Ujiji

Dada, hapo umenisaidia mno, na naomba nitie mfano unaoonyesha kwamba hili lina uzito hata nje ya darasa. "They found the boat out on the lake." Meza kwa "it" utapata sentensi mbili. "They found it" ikimaanisha waliipata ile boti iliyokuwa ziwani, tofauti na iliyokuwa mwaloni. Au "They found it out on the lake", yaani walipoipata, waliikuta huko ziwani. Maandishi hayasemi ni ipi. Mfasiri wa ripoti ya ajali inabidi aamue, na Kiswahili kitamlazimisha kuamua kwa sababu sisi tutasema "boti iliyokuwa ziwani" au "waliikuta boti ziwani".

Jambo lingine kuhusu shamirisho. Kwenye "bring the sacks in from the boat" unaweza kupeleka "in" mbele: "bring in the sacks from the boat". Ila shamirisho likiwa kiwakilishi, halihami: "bring them in from the boat" ndiyo pekee. "Bring in them" haipo. Hapo hapo ndipo zinapotoka misemo isiyoweza kukisiwa kwa neno moja moja. "Take it out on someone" ni kumwaga hasira kwa mtu asiyehusika. "Put it down to" ni kusema jambo limesababishwa na fulani. "Let someone in on" ni kumshirikisha siri. Hizi ni za kukariri, sina njia nyingine.

Na vipimo vinaweza kuingia katikati baada ya shamirisho: "They carried the sacks two hundred metres up from the beach." Virai nomino viwili vimefuatana, "the sacks" na "two hundred metres". Cha kwanza ni kinachobebwa, cha pili ni kipimo cha "up". Mwanafunzi aliyeelewa uzi huu hatababaika.

Kidato_cha_Sita

Mwalimu samahani, mimi ni mwanafunzi. Hivi "down" kwenye "down to the lake" ni kielezi au kihusishi? Maana kwenye "down the hill" tunaambiwa ni kihusishi. Neno moja linawezaje kuwa vitu viwili?

Mnyanyembe

Kwa mtihani andika hivi: kama kuna nomino inayolifuata moja kwa moja, ni kihusishi. Kama hakuna, ni kielezi. "Down the hill", kihusishi. "Down to the lake", kielezi kikifuatiwa na kihusishi "to".

Mfasiri_TBR

Mdogo wangu, jibu la mtihani ni hilo, lakini swali lako ni zito kuliko unavyodhani, na wanaisimu wameligombania muda mrefu. Otto Jespersen wa Denmark alilihoji mwaka 1924. Alisema kitenzi kama "sing" kinaweza kuwa na shamirisho au kukosa, na hatukiiti aina mbili za maneno kwa sababu hiyo. Mtu anaimba, au anaimba wimbo, ni kitenzi kile kile. Kwa nini basi "down" iwe aina mbili kwa sababu tu mara ina nomino mara haina? Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, kwenye sarufi yao kubwa ya 2002, walilichukua wazo hilo hadi mwisho: kwao "down", "out", "away" na hata "ago" ni vihusishi, vingine vikiwa bila nomino.

Mimi nakubaliana nao. Angalia kipimo: "two hundred metres down the hill", "two hundred metres down from the station". Kipimo kinakaa pale pale, na neno "right" linaingia pale pale, "right down the hill", "right down to the lake". Tabia ni moja.

Mwalimu_Ujiji

Nimeisoma hoja hiyo na naiheshimu. Ila darasani naendelea na majina ya zamani, kwa sababu kijana huyu atasahihishwa na mtu anayetumia majina hayo, na kamusi aliyonayo imeandikwa kwa majina hayo. Alama zake za mtihani siwezi kuziweka rehani. Ninachomwambia ni kwamba jina si kazi. Ajue kwanza neno lina nomino yake au halina, na kama linahitaji msaidizi, ni yupi.

Mfasiri_TBR

Sijashawishika kwamba mtoto hawezi kubeba majina mawili, mwalimu. Ila najua mtihani una sauti kubwa.

Binti_wa_Kasulu

Naomba kuuliza mawili. Moja: "into" na "in to", kuna tofauti au ni uandishi tu? Mbili: nikitaka kusema tumerudi tena chini ziwani, ni "down back to the lake" au "back down to the lake"?

Mwalimu_Ujiji

La pili kwanza, ni jepesi: "back down to the lake". "Back" hutangulia vielezi vingine vya upande. "Back up into the hills", "back out on the lake", "back over there". Ukiweka kipimo, kinakwenda mbele ya vyote: "a kilometre back down the road".

La kwanza lina tofauti ya kweli. "Into" ni kihusishi kimoja, kitu kinaingia ndani ya kingine: "He put the fish into the basket." "In to" ni kielezi "in" kilicho cha kitenzi, kikikutana kwa bahati na "to". "Hand in" ni kukabidhi. Kwa hiyo "She handed her exercise book in to the teacher." Ukiandika "into the teacher" umemwingiza daftari mwalimu mwilini. Jaribu hivi: muulize "in" rafiki yake ni nani. Kama bila "to" sentensi bado ina maana, "She handed her exercise book in", basi waandike mbalimbali.

"Onto" na "on to" vivyo hivyo. "We pulled the boat up onto the sand", boti imekaa juu ya mchanga. "We went on to Uvinza", tuliendelea na safari mpaka Uvinza, "on" ni ya kuendelea.

Mwalo_Kibirizi

Mwalimu, na matamshi? Wageni wakisema "out of" mimi nasikia kama "auta".

Mnyanyembe

Unasikia sawasawa kaka. Kielezi ndicho kinachobeba mkazo, kihusishi kinamezwa. "OUT of the boat", "BACK from Gombe", "NORTH of Kigoma", "DOWN to the lake". Sisi huwa tunakaza vyote sawa kwa sababu Kiswahili kinatamka kila silabi kamili, na hilo ndilo linalowafanya wageni waombe turudie. Ukitaka kujizoeza, sema kipimo polepole, kaza kielezi, kisha pitia kihusishi haraka hadi ufike kwenye jina.

Binti_wa_Kasulu

Nimejaribu kuandika ya kwangu kuhusu ziwa, naomba isahihishwe: "The surface of the lake is 773 metres above sea level, and the deepest point is nearly 700 metres below it."

Mwalimu_Ujiji

Hakuna cha kusahihisha, maadamu "it" yako ni "sea level". "Above" na "below" ni za lile kundi lisilohitaji msaidizi, na hukuwawekea "of". Vipimo vyote viwili viko mbele. Hata "nearly" umeiweka kabla ya kipimo inachokipunguza. Sasa nyingine, na wengine mnaweza kujaribu: eleza Kwihara ilipo ukianzia Tabora mjini, mara moja kwa "outside" na mara moja kwa "away from".

Kidato_cha_Sita

"Kwihara is a few kilometres outside Tabora." "Kwihara is a few kilometres away from Tabora." Na swali la "how far" linakubali zote mbili, nimeshajaribu.